Chupa ya Marehemu

Kama wiki iliyopita hukunisoma, bado hujapotea. Mimi ni yule mjane wa fundi mwashi niliyejiandikisha chuo cha ufundi kusomea upimaji wa vifaa vya ujenzi, yaani mchanga, kokoto, saruji na zege, wakati ukweni walitaka nikae ndani nilie. Wananiita Mama Kokoto. Kokoto ni binti yangu, na jina hilo la utani alipewa na baba yake kwa sababu alizaliwa mdogo na mgumu.

Mume wangu aliondoka na kikohozi. Alivuta vumbi la saruji maisha yake yote, mwisho mapafu yakagoma. Ukweni wakasema nimemmaliza mimi. Nikawaacha waseme, maana mdomo wa mtu hauna kizibo.

Tuliachana pale niliporudi kutoka chuoni mchana, nikakuta mlango wa chumba changu uko wazi na dirishani hakuna kitu. Chupa zangu tano za mchanga zilikuwa zimeondoka.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa wifi, dada wa marehemu, mikono kiunoni.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Chupa zangu."

"Ziko sebuleni kwa mama. Na wewe unasubiriwa hukohuko."

Alitabasamu. Wifi yangu hutabasamu mara chache, na kila akitabasamu mimi huhesabu viungo vyangu kama vimetimia.

Kabla hatujaingia sebuleni, ngoja nikueleze zile chupa ni nini, usije na wewe ukanidhania vibaya.

Mkufunzi wetu ni mwanamama mnene mwenye sauti ya mashine ya kusaga. Tunamwita Mama Chekeche, kwa sababu hatembei bila chekeche mkononi, na wanafunzi wengi wazembe wameshapita kwenye matundu yake. Alitupa kazi ya kufanya nyumbani. Kila mmoja achukue mchanga kutoka malundo matano. Unautia kwenye chupa ya kioo, unaongeza maji na kijiko cha chumvi, unatikisa, kisha unaiweka chupa mahali ambapo haiguswi. Mchanga unatua chini. Tope, kwa kuwa ni jepesi, linakaa juu ya mchanga kama tabaka la pili. Tabaka likiwa jembamba, jenga. Likiwa nene, mrudishie mtu lori lake.

"Na chumvi ya nini, mwalimu?" kijana mmoja aliuliza.

"Ya kuliharakisha tope litue. Ulidhani ya mboga?"

Darasa likacheka. Mama Chekeche hakucheka.

"Halafu kwenye kila chupa andika mwenye lundo ni nani. Sitaki mniletee mchanga wa kwanza, mchanga wa pili. Mchanga hauna undugu. Lundo la mjomba wako likiwa chafu, ni chafu tu, hata kama yeye ndiye aliyekulea."

Nami nikatii, wiki mbili kabla ya siku ile. Malundo niliyokuwa nayo karibu ni ya ukweni, maana ukoo ule wote unakula kwa ujenzi. Nikachota kwa mama mkwe, anayejenga chumba cha nyongeza. Nikachota kwa shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mwenye lori la mchanga na sasa anainua nyumba yake ya ghorofa. Nikachota kwa wifi, anayejenga banda la kuku, na kwa baba mdogo, anayetengeneza matofali. Lundo la tano lilikuwa nyuma ya chumba changu. Aliliacha mume wangu, na tangu azikwe hakuna aliyeligusa.

Nikakata karatasi, nikapaka gundi, nikaandika kwa kalamu nyeusi. MAMA. SHEMEJI. WIFI. BABA MDOGO. MAREHEMU.

Sasa jiweke mahali pa mama mkwe wangu. Unaingia chumbani kwa mjane, unakuta chupa tano zimepangwa dirishani. Ndani kuna maji ya chumvi na mchanga wa nyumbani kwako. Nje kuna jina lako. Na moja ina jina la mtu aliyekwisha kulala kaburini.

Hata mimi ningekimbia. Lakini ningerudi kuuliza.

Sebuleni walikuwa wanne. Baba mdogo, mdogo wa baba mkwe aliyetangulia, alikuwa kwenye kiti kikubwa, maana yeye ndiye mkuu wa ukoo sasa. Mama mkwe kwenye mkeka. Wifi mlangoni kama askari. Shemeji alisimama dirishani akichezea funguo za lori, shati lake jeupe limenyooshwa hadi unaogopa kulitazama.

Chupa zilikuwa mezani, zimefunikwa kwa kitambaa.

Nilisalimia. Baba mdogo akaitikia, wengine wakaitikia kwa pua.

"Mama Kokoto," baba mdogo alianza, "sisi hatukukuita kugombana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ni kweli, baba. Ila ukuta wenyewe utajengwa kwa mchanga upi?"

"Unaona?" wifi akadakia. "Unaona mdomo wake?"

Baba mdogo akainua mkono. Kisha akakivuta kile kitambaa taratibu, kama daktari anayefunua kidonda.

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Jina langu linafanya nini humu ndani?"

"Halimo ndani, baba. Limo nje, kwenye karatasi. Ndani kuna mchanga wa lundo lako."

"Na chumvi?" mama mkwe akauliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Nilionja. Ni maji ya chumvi."

"Ulionja, mama?" shemeji akashtuka. "Umeonja vitu vya huyu?"

"Nilitaka kujua mnaliwa na nini."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe. Kucheka mbele ya wakwe waliokushtaki kwa uchawi ni jambo ambalo simshauri mjane mwenzangu yeyote.

"Anacheka," alisema wifi. "Kaka yetu yuko kwenye chupa, na yeye anacheka."

Nikawaeleza. Nikaeleza yote, chuo, kazi ya nyumbani, tope, chumvi, Mama Chekeche na maneno yake. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza darasani. Nilipomaliza, mama mkwe alikuwa ananitazama vilevile.

"Mume wangu alijenga," alisema. "Wanangu wamejenga. Mimi nimewapikia mafundi tangu sijaota mvi. Sijawahi kuona mtu anaweka mchanga dirishani na jina la mwanangu aliyekufa."

"Nilikosea jina, mama. Nilipaswa kuandika lundo la nyuma."

"Kwa nini chumba changu plasta inadondoka? Napiga leo, kesho iko chini. Tangu uanze hicho chuo chako. Kila ukipita unaukodolea macho ule ukuta."

"Naukodolea kwa sababu unadondoka, mama. Haudondoki kwa sababu naukodolea."

"Basi," alisema shemeji. Akaacha kuchezea funguo. "Baba mdogo, tufupishe maneno. Mwanamke huyu anashinda na vijana wa watu, anarudi na mawe kwenye mkoba. Damu yetu haiwezi kulelewa hivyo. Achague. Chuo au mtoto."

Hapo ndipo nilipojua kikao kile kilikuwa cha nini. Chupa zilikuwa sababu tu. Walikuwa wanamtaka Kokoto.

Niliogopa.  Lakini mimi nina ugonjwa mmoja, nikiogopa sana nakuwa mkali.

"Sichagui," nilisema.

"Nini?"

"Sichagui. Mtoto nilimzaa na chuo nimejiandikisha. Vyote viwili vina jina langu. Kama mnataka kunichagulia, mtafute mjane mwingine."

Baba mdogo alifumba macho. Nikaona nimeshaanza kumpoteza, nikatupa karata yangu kubwa.

"Na plasta ya mama nitawaambia kwa nini inadondoka," nikasema. "Mchanga wake ameletewa na shemeji. Leo asubuhi, kabla sijakwenda chuo, nimeziangalia chupa hizi. Ya mama na ya shemeji zina tope nene kuliko zote. Ni mchanga wa lori moja, na ni mchafu. Tope halishiki na saruji. Ndiyo maana ukuta unavua nguo."

Shemeji alibadilika uso. Kidogo tu, lakini mimi nilimwona.

"Unanitukana mbele ya mama yangu."

"Sikutukani. Nakupima."

"Onyesha basi." Akaichukua chupa iliyoandikwa jina lake, akaiweka mbele yangu kwa kishindo. "Tope hilo liko wapi? Tuonyeshe sote."

Niliichukua kwa mbwembwe. Niliinua juu waione. Mchanga ulio na tope ukiutikisa ndani ya maji, maji hugeuka chai ya maziwa papo hapo, na kutulia kwake ni saa nyingi. Hilo analijua hata mtoto anayecheza kwenye dimbwi.

Nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Nikaweka mezani.

Mchanga ukazunguka, ukatua. Maji yakabaki meupe. Ungeweza kumpa mgonjwa anywee dawa.

 Nikachukua ya mama mkwe, nikatikisa. Nyeupe. Nikachukua ya wifi, ya baba mdogo. Nyeupe zote. Jasho likanitoka mgongoni.

"Tope," alisema shemeji, na sasa alikuwa anacheka kwa sauti. "Baba mdogo, umeliona tope? Mimi pengine macho yangu mabovu."

"Asubuhi lilikuwepo," nikasema.

"Limekwenda sokoni," wifi akajibu.

Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa ametulia tuli, karibu mwenye furaha, kama mtu aliyekunywa dawa chungu na sasa anaona homa inashuka.

Baba mdogo akavuta pumzi. "Mama Kokoto, mimi nilitaka kukuamini. Nilikuwa nakupa nafasi. Lakini umesimama hapa umemchafua shemeji yako kwa uongo, tumekuona kwa macho yetu. Mtoto atabaki kwa ukoo. Wewe kesho fungasha vitu vyako urudi kwenu. Ukitaka chuo, nenda na chuo chako."

Wifi akapiga makofi mara moja, akajizuia.

Hivi ndivyo mtu anavyomalizwa, msomaji wangu. Hakuna kelele, hakuna fimbo. Chupa nne za maji safi zilitosha.

Lakini mtu akinimaliza napenda kwanza nijue amenimaliza kwa nini. Nilifungua chupa ya shemeji nikamwaga maji kwenye sinia la chai. Mama mkwe akapiga kelele kwamba namwaga ukoo wake. Sikumsikiliza. Nikachota mchanga kidogo, nikauweka kiganjani, nikausugua kwa kiganja cha pili.

Hicho ni kipimo cha kwanza tulichofundishwa, kabla hata ya kuona mashine yoyote. Mchanga mchafu ukiusugua hivyo unaacha doa. Unanawa na doa bado lipo. Mchanga huu haukuacha kitu. Viganja vyangu vilikuwa visafi kama vya karani.

Hakuna lori linaloleta mchanga wa namna hiyo. Mchanga wa namna hiyo unatoka chuoni kwetu, maabara, pale kwenye karo, baada ya kuoshwa.

Nikainua macho.

"Nani ameuosha?"

Wifi akamtazama shemeji, shemeji akamtazama wifi.

"Nauliza kwa heshima. Nani ameosha mchanga wangu?"

"Mimi," alisema mama mkwe, na akanyoosha shingo. Hakuwa na haya hata chembe. "Ulidhani nitaacha jina la wanangu lioge kwenye chumvi yako? Nilimwaga yale maji yako. Nikaosha mchanga wa kila mmoja kwa mkono wangu huu, kwa maji ya bomba na maombi. Kisha nikarudishia maji safi. Kilichokuwemo nimekitoa."

Moyo wangu uliruka. Lakini nikajizuia, nikakaa chini pale pale kwenye mkeka, karibu naye, kama mkwe mwenye adabu.

"Mama, ulifanya vizuri," nikasema. "Ulipoosha, maji yalitoka vipi?"

"Yalitoka uchafu. Ndipo nilipojua kweli kuna kitu."

"Uchafu wa rangi gani?"

"Kama uji wa udongo. Mzito."

"Mama, nyamaza," alisema shemeji.

"Ninyamaze kwa nini? Acha asikie kwamba kazi yake imeharibika." Akanigeukia. "Ya baba mdogo wako ilitoa kidogo, nikaisuuza mara mbili tatu ikatakata. Ya wifi yako nayo kidogo. Ya kwangu niliosha mpaka nikaanza kulia. Haiishi. Nikasema kumbe ndiyo maana magoti yananiuma."

"Na ya shemeji?"

"Ya huyu ndiyo iliyonitesa kuliko zote." Alimtazama mwanawe kwa huruma, huruma ya kweli, hadi na mimi nikamwonea huruma mama huyo. "Niliosha mkono ukachoka. Nikabadilisha mkono. Ndoo nzima imejaa tope, iko hapo nje nyuma ya jiko, sikuimwaga nikiogopa itaota. Nikasema, mwanangu huyu wamemfunga hasa."

Baba mdogo alikuwa amefumbua macho. Yeye ni mtengeneza matofali wa miaka mingi, na nilimwona anasikia neno moja baada ya jingine, kama anayehesabu matofali yaliyovunjika.

"Ndoo nzima," alisema polepole. "Kutoka chupa hizi?"

"Chupa na maji ya kuoshea," alisema mama. "Lakini chini kumeganda tope, ukiweka kidole linakushika."

Shemeji akapiga hatua kuelekea mlangoni. Wifi akamzuia bila kujua anamzuia. Alisimama tu pale pale, mdomo wazi.

Nilikuwa na swali moja zaidi. Sikuhitaji kuliuliza kwa ajili ya kesi. Niliuliza kwa ajili yangu.

"Na ya marehemu, mama?"

Uso wa mama mkwe ukaanguka. Alichukua ncha ya kanga akajifuta.

"Ya marehemu haikutoa kitu," alisema. "Niliposuuza mara ya kwanza maji yalitoka meupe. Nikasuuza tena, meupe. Nikakaa chini nikalia. Nikasema huyu wamekwisha kummaliza, hawakumbakizia hata kitu cha kuoshwa."

Niliushika mkono wake. Hakuuvuta.

"Hapana, mama," nikasema. "Ule ndio mchanga wake. Alikuwa anakwenda mwenyewe kuuchagua, anausugua kiganjani, akiona doa anarudisha lori hata kama ni la ndugu. Ulikuwa safi kabla hujaugusa. Mwanao alikuwa hajengei watu uchafu."

Mama mkwe alinitazama, akaitazama chupa ya marehemu, akaitazama ya shemeji.  Nilimwona anaelewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko uchawi. Uchawi una mtu wa kumlaumu mlango wa pili.

"Kwa hiyo plasta yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Ni wewe uliyeniletea," akamwambia shemeji. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukaniambia nimtazame vizuri huyu mke wa kaka yako, macho yake mabaya. Mimi mama yako."

"Mama, mchanga ni mchanga," shemeji alisema. "Kila mtu anauza hivyo. Huyu amesoma mwezi mmoja anataka kutufundisha kazi."

"Basi tukachote mwingine," nikasema nikasimama. "Twende kwenye lundo lako sasa hivi, tuchote mbele ya baba mdogo, tutie chupani, hakuna atakayeosha. Nikiwa mwongo, nafungasha leo, sisubiri kesho."

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu yote ya siku ile, na ilikuwa fupi.

"Lundo halipo," alisema shemeji.

"Liko wapi?"

"Limeisha. Limeingia lote kwenye slabu ya ghorofa."

Baba mdogo akageuka na kiti chake. "Mchanga huu? Wenye tope la ndoo?"

"Nilitia saruji ya kutosha."

"Mlimwaga lini?"

"Wiki iliyopita. Na iko imara, watu wameshaingia chini yake. Kuta tumeshapaka rangi."

Marehemu mume wangu alikuwa na msemo wake, anausema kila akimwaga zege, hadi Kokoto aliukariri kabla ya kujua kusoma. Usimnyang'anye zege mkongojo wake. Alimaanisha zile nguzo za miti zinazoishikilia slabu, ile sakafu ya zege ya juu, kwa chini mpaka ikomae. Slabu ya wiki moja bado ni mgonjwa. Hata yenye mchanga safi huiondolei nguzo zote.

Sijui ni kwa nini neno lile "watu wameshaingia" lilinikwama. Labda ni kwa sababu tangu niingie nyumba ile sikuwa nimesikia sauti ya mtoto. Muda ule Kokoto huwa ameshatoka shule, anaruka kamba uani na kuimba nyimbo zisizo na mwisho.

"Kokoto yuko wapi?" nikauliza.

Wifi aliangalia chini. Tabasamu lake lilikuwa limeshakwenda.

"Wifi. Mtoto yuko wapi?"

"Shemeji yako alisema kikao kitakuwa na kelele," alisema. "Nilimchukua shuleni nikampeleka kule kwake. Chumba chake kilikuwa tayari. Tulijua... tulijua atabaki kwa ukoo, kwa hiyo nikapeleka na nguo zake."

"Chumba cha wapi?"

"Cha chini. Kile kipya."

Hawakuwa wamesubiri hata baba mdogo atoe hukumu. Mtoto wangu alikuwa ameshahamishwa wakati mimi natikisa chupa. Na alikuwa amelazwa chini ya lile lundo.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikivua viatu vya chuo, maana havikimbiliki, niliposikia sauti ya mama mkwe nyuma yangu. Hakuwa anasema na mimi.

"Nguzo umetoa lini?"

Shemeji alizitia funguo za lori mfukoni.

"Mama, mafundi walizihitaji kwa kazi nyingine."

"Nimekuuliza lini. Kaka yako angekuuliza hivyohivyo. Nguzo umetoa lini?"

"Leo asubuhi," alisema.

Mama mkwe aliinuka. Yule mama ambaye magoti yake yanauma, ambaye kuinuka kwake kwenye mkeka huhitaji watu wawili, aliinuka peke yake. Akanifikia mlangoni, akanishika mkono, kwa mkono uleule ulioosha mchanga. Tangu msiba hakuwa amenigusa.

"Twende, mwanangu," alisema.

Ndipo simu ya wifi ilipoita.

Aliitazama. "Ni mke wake," alisema, akimwonyesha shemeji kwa kidevu. Akapokea, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Haloo? Haloo, wifi?"

Hakuna aliyejibu. Tulichosikia ni mtu anakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Nimelala nacho kitandani, nimekiamkia, nimekishikia beseni mpaka kikanifanya mjane. Ni kikohozi kikavu cha mtu aliyemeza vumbi la saruji.

Wifi akasema tena haloo. Kikohozi kikajibu, chembamba, kifupi, na hakikuwa cha mtu mzima.